MALI BILA DAFTARI: MAISHA YA DAKTARI ALICE HAMILTON

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipokuwa shule ya msingi niliitia methali hii kwenye insha mara nyingi bila kuielewa sawasawa. Nilidhani inawahusu wenye maduka tu, wale wanaokopesha watu sukari na mafuta taa halafu wanasahau kuandika. Kumbe hata vidole vya mtu ni mali, navyo visipoandikwa mahali hupotea bila habari.

Nasema vidole kwa sababu ya mjomba wangu. Mjomba hupasua mbao kwenye mashine moja isiyo mbali na hapa kwetu Laare. Jina la mwenye mashine nitaliacha, maana lengo langu si kumchongea mtu. Mwezi wa Agosti mwaka jana, msumeno ulimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Akapelekwa hospitali kwa pikapu ya miraa iliyokuwa ikipita. Mwenye mashine alilipa bili ya siku hiyo, akaleta unga na sukari nyumbani, na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyeandika lolote. Mjomba mwenyewe alisema ni bahati mbaya tu, na kidonda kilipopona akarudi kwenye msumeno uo huo akiwa na vidole vinane, kwa sababu watoto lazima wale. Mwezi wa Februari mwaka huu kijana mwingine akakatwa papo hapo. Naye akaambiwa ni bahati mbaya. Halafu nikasikia wazee wakinong'ona kwamba kabla ya mjomba kulikuwa na mwingine, ambaye baadaye alihamia Isiolo. Bahati mbaya tatu, msumeno mmoja!

Nilikuwa bado ninalitafakari jambo hilo mhariri alipotuomba tuandike maisha ya watu mashuhuri waliofariki zamani. Wenzangu walikimbilia Mekatilili wa Menza, Dedan Kimathi na Shaaban Robert. Mwalimu wetu wa Historia akaniazima kitabu kimoja kikuukuu, humo nikakutana na mwanamke ambaye kwao Marekani picha yake iliwekwa kwenye stempu ya posta mwaka wa 1995, lakini hapa chini ya milima ya Nyambene sijui kama kuna aliyewahi kumtaja. Jina lake Alice Hamilton. Msomaji mpendwa, nipe sikio nikusimulie.

Binti wa Fort Wayne

Alice Hamilton alizaliwa tarehe 27 Februari 1869 jijini New York, akalelewa katika mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana. Walikuwa mabinti wanne na kaka mmoja mdogo. Wazazi wao waliwafundisha nyumbani: lugha, fasihi na historia kwa wingi, lakini hesabu na sayansi kidogo mno. Dada yake Edith alikuja kuwa mwandishi maarufu wa vitabu kuhusu Wagiriki wa kale.

Maisha yalikuwa mazuri mpaka biashara ya babake ilipoanguka. Hapo mabinti wakaona lazima kila mmoja atafute riziki yake. Alice alichagua udaktari. Hakuuchagua kwa kuipenda sayansi, kwani hata hakuijua. Aliuchagua kwa sababu aliona daktari anaweza kwenda popote, hata katika mitaa ya maskini au nchi za mbali, na bado akawa wa manufaa. Basi ikambidi aanze fizikia na kemia kama mtoto anayeanza alifabeti, huku umri umeshasonga. Lakini mvumilivu hula mbivu: mwaka wa 1893 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan.

Baadaye yeye na Edith walikwenda Ujerumani kuendelea na masomo katika vyuo vya Leipzig na Munich. Huko waliruhusiwa kuhudhuria mihadhara mradi wajitenge na wasionekane sana na wanafunzi wa kiume. We fikiria tu, umesafiri bahari nzima kutafuta elimu, halafu unaambiwa ujifiche!

Mwaka wa 1897 alipata kazi ya kufundisha katika chuo cha udaktari cha wanawake jijini Chicago. Akahamia Hull House, jumba lililoanzishwa na Jane Addams na mwenzake mwaka wa 1889 katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini kutoka Italia, Ugiriki, Poland, Urusi na kwingineko. Waliokaa humo walikuwa wasomi walioamua kuishi na maskini badala ya kuwatazama kwa mbali. Mchana Alice alifundisha. Jioni na siku za mapumziko aliendesha kliniki ya watoto wachanga. Mama wakileta watoto, nao baba wakija kuwachukua, alianza kuona mambo ambayo hakufundishwa chuoni. Wapo mafundi wa rangi ambao viganja vyao vilining'inia kama majani yaliyonyauka. Wapo wa viwanda vya chuma waliolewa kwa moshi wa tanuri. Wanaume walioingia nchini wakiwa na nguvu za fahali walikuwa wamekwisha kabla ya kufika miaka 40.

Nzi na bomba la maji

Kabla sijafika kwenye kazi iliyompa sifa, sharti nitaje kosa lake moja, maana mtu mkubwa hujulikana pia kwa namna anavyokubali makosa.

Mwaka wa 1902 homa ya matumbo ililipuka Chicago, na mtaa wa Hull House ukaumia kuliko mingine. Alice aliona vyoo vya wazi na nzi tele. Akawakamata nzi hao vyooni na jikoni, akawapima, akavikuta vijidudu vya homa hiyo. Akaandika makala, na makala yakavuma kama mvua ya masika. Watu walimpongeza kila mahali. Lakini baadaye ukweli ulijitokeza: bomba lilikuwa limepasuka, na kwa siku tatu maji ya choo yalikuwa yameingia kwenye maji ya kunywa. Wakuu wa afya wa jiji walikuwa wameificha habari hiyo. Nzi walikuwepo kweli, lakini si wao waliouleta msiba ule.

Alice hakunyamaza. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka wa 1943 alilieleza kosa hilo waziwazi. Mimi naliona funzo kubwa hapa. Kuhesabu wagonjwa peke yake hakutoshi. Ni lazima ujue kilichowaumiza. Na anayeficha karatasi moja tu ofisini anaweza kumfanya hata mtu mwerevu akimbize nzi wakati bomba linavuja.

Kuhesabu wasiohesabiwa

Mwaka wa 1910 jimbo la Illinois lilimpa Alice kazi ya kuongoza uchunguzi wa magonjwa yanayotokana na kazi. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake nchini Marekani. Yeye mwenyewe alijitwika adui mmoja: risasi. Nazungumzia madini ya risasi, ambayo siku hizo yalitiwa kwenye rangi za nyumba, mabomba na vitu vingine vingi. Sumu yake huingia mwilini polepole. Tumbo husokota, mtu hukosa damu, kiganja hulegea asiweze kukiinua, na wengine hurukwa na akili.

Sasa tatizo lilikuwa hili: wagonjwa wenyewe hawakujulikana. Ukimuuliza mwenye kiwanda, atakwambia kwake hakuna mgonjwa hata mmoja. Ukimuuliza daktari wa kiwanda, atasema fulani ni mlevi, fulani hanawi mikono kabla ya kula. Wafanyakazi nao walikuwa wahamiaji wasiojua Kiingereza. Aliyeugua aliondoka kimya kimya, na kesho yake mwingine alisimama mahali pake. Vitabu vya viwanda vilikuwa safi kama shuka la arusi. Usafi huo ulitokana na kutoandika!

Basi Alice akaanza kutembea. Alikwenda hospitalini kufukua kumbukumbu za wagonjwa. Alikwenda kwa makasisi, kwa wauza dawa na kwa wazishi. Alikwenda majumbani, jikoni kwa wake za wafanyakazi, ambako mtu husema kweli bila kuogopa msimamizi. Alipanda ngazi za viwandani akiwa na gauni lake refu ili aone vumbi linatoka wapi. Wala hakuokota kila uvumi akauita ushahidi. Alidai mgonjwa awe amethibitishwa na daktari, au awe na dalili isiyo na ubishi, kama ule mstari wa rangi ya buluu nyeusi unaotokea kwenye ufizi wa mtu mwenye risasi mwilini.

Kuna kisa kimoja kinachonifurahisha. Katika hospitali moja alimkuta mhamiaji kutoka Poland aliyelemazwa na risasi, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka ung'avu mweupe kwenye mahodhi ya kuogea. Alice akaenda kiwandani, akatembezwa, asione hatari yoyote. Ndipo wafanyakazi walipomweleza kuwa hakuonyeshwa mahali penyewe. Kazi ya kupaka ilifanyiwa kwingine. Akarudi, safari hii akijua anachokitafuta, akachukua sampuli ya unga ule. Ulikuwa na risasi tele.

Alipomaliza kazi ya Illinois alikuwa amethibitisha visa 578 vya sumu ya risasi na kuorodhesha zaidi ya aina 70 za kazi zilizowakutanisha watu na sumu hiyo. Pia alionyesha kwamba mikono michafu haikuwa chanzo kikuu. Watu waliivuta sumu puani, katika vumbi na moshi. Tofauti hii si ndogo, bana. Kama kosa ni mikono michafu, mwenye kiwanda atanunua sabuni, basi amemaliza. Kama kosa ni vumbi, itambidi afunike mashine, aloweshe unga na aweke mitambo ya kufyonza hewa. Mwaka wa 1911 Illinois ikapitisha sheria iliyowataka waajiri wa kazi za hatari kuwakinga watu wao, kuwapima kila mwezi na kutoa ripoti za wanaougua.

Mwaka uo huo wa 1910 alihudhuria mkutano wa kimataifa mjini Brussels kuhusu ajali na magonjwa ya kazini. Wajumbe wa Ulaya walimuuliza maswali mepesi tu: Marekani ina wagonjwa wangapi wa risasi? Sheria gani inawalinda? Fidia yao ni kiasi gani? Hakuwa na jibu hata moja, na aibu ilimpata si haba. Lakini palikuwapo pia mkuu wa idara ya kazi ya serikali ya Marekani, Charles Neill. Huyu alimwomba aifanye kazi ile ile nchi nzima. Mshahara maalum hakuahidiwa, mamlaka ya kuingia kiwanda cha mtu kwa nguvu hakupewa. Silaha yake ilikuwa hodi mlangoni na hesabu mkononi.

Na hesabu ilifanya kazi. Alimwendea Edward Cornish, kiongozi wa kampuni kubwa ya National Lead, akamwambia kuwa watu wake wanalishwa sumu. Cornish hakuamini, akasema alete ushahidi. Alice akarudi na majina ya wagonjwa 22, wote wamethibitishwa na madaktari. Bwana yule alikuwa muungwana, akatimiza ahadi: akaagiza viwanda virekebishwe, vumbi lizuiwe na madaktari waajiriwe. Kumbe si kila tajiri ana moyo wa jiwe. Wengine hawajaonyeshwa daftari.

Karatasi ya fidia

Hapa niruhusuni nitoke kidogo kwa Alice nieleze habari ya fidia, kwani bila hiyo hadithi haikamiliki.

Zamani mfanyakazi akiumia ilimbidi amshtaki mwajiri wake na athibitishe kosa lake. Maskini gani atamlipa wakili? Mwajiri naye alijitetea kirahisi, mara kuwa mfanyakazi aliijua hatari akaikubali, mara kuwa aliyekosea ni mwenzake. Ujerumani ilileta utaratibu mpya mwaka wa 1884: waajiri wote wanachanga katika vyama vya bima, na anayeumia kazini analipwa bila kuulizwa kosa ni la nani. Uingereza ikatunga sheria yake mwaka wa 1897. Nchini Marekani majimbo kadhaa, pamoja na Wisconsin na Illinois, yalifuata mwaka wa 1911.

Wengi waliziona sheria hizo kama sadaka kwa vilema. Lakini zilikuwa na faida nyingine ambayo haikuonekana haraka. Ili mtu alipwe, sharti karatasi ijazwe: nani ameumia, umri wake, kiungo gani, mashine gani, saa ngapi, alikuwa akifanya nini, amekaa nje ya kazi siku ngapi. Karatasi moja ni huzuni ya familia moja. Karatasi mia moja zikipangwa mezani zinaanza kusema. Utaona ajali nyingi zinatokea zamu ya usiku, au mashine fulani inakata watu kila mwezi, au wanaoumia ni wageni wasiofunzwa. Vyama vya bima vya Ujerumani vikawa vinaweka kanuni za usalama na kutuma wakaguzi, maana kila ajali ilikuwa inawatoa fedha mfukoni. Na pale ambapo mwenye kiwanda cha ajali nyingi anatozwa bima kubwa zaidi, hata asiye na huruma hujifunza kufunika msumeno.

Alice Hamilton aliliona hilo, lakini aliona pia tundu lake. Sheria nyingi za Marekani mwanzoni zilifidia ajali tu, zikayaacha magonjwa. Mkono uliokatwa ulihesabiwa. Mapafu yaliyooza polepole hayakuhesabiwa. Kwa miaka mingi alidai kuwa ugonjwa wa kazi nao ulipwe kama ajali. Na alijua jambo jingine ambalo naomba tulikumbuke: daftari tupu halimaanishi kuwa watu ni wazima. Pengine linamaanisha kuwa wanaogopa. Ndiyo sababu hakuacha kwenda majumbani.

Mlango wa Harvard

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, viwanda vya baruti viliota Marekani kama uyoga, na vingine vilifichwa kwa siri. Alice alitumwa kuvichunguza. Alivipataje? Alitazama angani, akafuata mawingu ya moshi wa rangi ya chungwa na ya manjano. Akifika mjini alitafuta wanaume ambao nywele na ngozi zao zimegeuka manjano kwa kemikali, akawafuata mpaka kazini.

Mwaka wa 1918 alikwenda Indiana kwa wachonga mawe waliotumia nyundo za upepo. Asubuhi za baridi vidole vyao vilikuwa vyeupe kama vya maiti, havina hisia. Alionyesha kwamba mtetemo wa nyundo ndio uliozuia damu.

Mwaka wa 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilihitaji mtaalamu wa afya ya kazini, na hapakuwa na mwanamume aliyemfikia. Wakamwajiri, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Harvard. Lakini walimwekea masharti: asiingie klabu ya wahadhiri, asidai tiketi za mpira, na siku ya mahafali asiandamane na wenzake wala kuketi jukwaani. Alifundisha huko hadi mwaka wa 1935 na hakupandishwa cheo hata mara moja. Wasichana wenzangu, tukilalamika kuwa mambo ni magumu, tumkumbuke huyu.

Hakushinda kila vita. Miaka ya 1920 kampuni za mafuta zilianza kutia risasi kwenye petroli ili injini zisigonge. Wafanyakazi kadhaa walikufa mwaka wa 1924 wakiitengeneza kemikali hiyo. Katika mkutano wa Washington wa Mei 1925 Alice alionya kuwa risasi ikishatoka kwenye bomba la gari haina wa kuizuia. Hakusikilizwa. Petroli ya risasi ikaenea duniani kote. Sisi Kenya tuliiacha tu mwanzoni mwa mwaka wa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwaka wa 2021. Karibu miaka 100 tangu aonye! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii lililovunjika ni la dunia nzima.

Alice Hamilton hakuolewa. Alistaafu akaishi na dada yake Margaret katika kijiji cha Hadlyme, jimbo la Connecticut, akafariki tarehe 22 Septemba 1970 akiwa na miaka 101. Tarehe 29 Disemba mwaka huo huo, Marekani ikatia sahihi sheria ya usalama na afya kazini kwa nchi nzima. Alikosa kuiona kwa miezi mitatu tu.

Na sisi je?

Msomaji anaweza kuuliza, Chicago na Laare wapi na wapi? Nami namjibu kwamba risasi imefika mpaka Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu wafanyakazi na majirani, mpaka kikafungwa mwaka wa 2014. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, alianza na kipimo cha damu ya mtoto wake mwenyewe. Mwezi wa Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikazunguka kwa rufani, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo. Bila vile vipimo vya damu kesi ingesimama juu ya nini?

Sheria tunazo. Kenya ilikuwa na Sheria ya Viwanda tangu mwaka wa 1950, enzi za ukoloni, na mwaka wa 2007 Bunge likapitisha sheria mbili mpya, moja ya usalama na afya kazini, nyingine ya fidia ya majeraha kazini. Kwa ufupi, anayeumia amjulishe mwajiri wake mapema. Mwajiri naye ana siku saba kuipeleka habari kwa mkurugenzi wa serikali anayehusika. Na dai la fidia lisipite miezi 12 tangu ajali. Ukizidisha hapo, uko mashakani.

Niliposoma hiyo miezi 12 nilishtuka. Ulikuwa mwezi wa Juni. Mjomba aliumia Agosti. Nikahesabu kwa vidole, vyangu vikiwa kamili.

Siku ya likizo fupi nilimweleza mjomba. Alikataa. Alisema mwenye mashine ni jirani, aliwahi kumkopesha karo ya mtoto, na akimshtaki atakula wapi? Mamangu naye akanikanya nisilete maneno kwa watu. Sikuwalaumu, maana hofu yao ilikuwa ya kweli. Nikamsimulia tu habari za Daktari Alice, hasa za yule tajiri aliyeletewa majina 22 akabadilika. Mjomba akanyamaza muda mrefu. Mwishowe akauliza, yule kijana wa Februari naye aliandikwa? Nikamwambia hapana. Akasema twende.

Tulikwenda mjini mwezi wa Julai. Afisa alitupokea vizuri, akaijaza fomu: jina, umri, kiungo, mashine, saa. Kisha akauliza kama kuna mwingine aliyewahi kuumia hapo. Mjomba akainua mkono wake wenye vidole vitatu, akasema wako watatu. Nilimwona afisa akiacha kuandika, akamtazama, halafu akachukua karatasi nyingine.

Malipo bado hatujayaona, na sitawadanganya kuwa mambo ni rahisi. Mwenye mashine alinuna kwa wiki kadhaa. Lakini wakaguzi walikuja, na leo ule msumeno una kifuniko cha chuma alichokichomelea fundi wa jua kali wa hapa hapa sokoni. Mjomba bado anafanya kazi pale. Yule kijana wa Februari naye ameshapeleka dai lake.

Nabaki nikiwafikiria wengine. Vijana wanaopanda miti ya miraa alfajiri, miti ikiwa na umande, kwa malipo ya siku: wakianguka nani huandika? Madereva wanaokimbiza mzigo Nairobi usiku: wakipinduka, mbali na habari ya redioni, nani huuliza walikuwa wameendesha saa ngapi bila kulala? Wachonga mawe, wachomeleaji, wapaka rangi? Kila mmoja wetu hapa shuleni ana mjomba, ana kaka, ana mama.

Napendekeza chama chetu kianzishe daftari moja. Likizo ijayo kila mwanachama aulize nyumbani: nani ameumia kazini, wapi, kwa chombo gani, lini. Majina ya watu tuyahifadhi tusiyatangaze. Tukirudi tuyapange mezani tuone yanasema nini. Mimi ukurasa wa kwanza nimeshaujaza.